Ukuta wa Mabawa

Chuo cha Wexley, Indiana
14 Februari 1988

Mama,

Natumaini umefika Marlow Bend salama na basi halijakuvimbisha miguu. Mimi mzima, ila masikio bado yanavuma kwa kelele zako. Mama jamani, yule refa ana mke na watoto! Kumwambia mbele ya ukumbi mzima akaazime macho kwa jirani ndiyo nini? Tangu Jumamosi wenzangu hawaniiti Rozell tena, wananiita mtoto wa yule mama. Kocha Haskett anasema tangu aanzishe Siku ya Akina Mama hajapata kuona mshangiliaji wa aina yako. Sijui kama alikuwa anakusifu.

Nilitaka kukuonyesha Ukuta, ukanikatiza ili kujua nimekula nini. Basi usome hapa. Ni ule wa kwenye korido ya kuingilia uwanjani, wenye viganja vya buluu. Mchezaji wetu akichaguliwa na timu za kulipwa, husimama pale akaitandaza mikono kama ndege, akachovya viganja kwenye rangi na kuvipiga ukutani, halafu jina lake linaandikwa katikati. Ndiyo maana tunauita Ukuta wa Mabawa. Wamo watu tisa. Chuo kidogo hivi, kila upande mahindi matupu, kimetoa watu tisa! Vyuo vikubwa vinatuonea kijicho, vinauliza siri yetu nini.

Siri ni ile tepu ya Kocha. Yeye hamuulizi kijana anafunga vikapu vingapi. Humpima urefu, kisha humpima mikono ikiwa imetandazwa, na mikono ikiuzidi urefu kwa kiasi anachokitaka, basi, umepata nafasi. Nadhani unakumbuka alivyonipima jikoni kwetu, akatabasamu mpaka ukamuuliza kama amekuja kununua ng'ombe.

Mwezi wa Juni timu zinachagua. Kocha anasema mimi ndiye wa kumi, na rangi ameshaagiza.

Ila niambie kitu kimoja. Nani yule mama wa Kizungu aliyekaa kando yako? Baada ya mechi alinishika mikono, akaigeuza huku na huku, akavinyoosha vidole vyangu kimoja kimoja, halafu akaanza kulia. Ulimwambia nini?

Mwanao,
Rozell

---

Marlow Bend, Arkansas
21 Februari 1988

Baba,

Nimefika salama, na yule refa ningemwona tena ningemwongezea.

Yule mama anaitwa Verna Loomis. Mwanawe Teddy yumo kwenye huo ukuta wenu, lakini ameshafariki. Hata hivyo chuo humwalika kila mwaka na yeye huja, akavalishwa ua kama sisi wenye watoto uwanjani. Mechi nzima hakutazama mpira, alikuwa anakutazama wewe. Mwishowe akaniuliza, "Baba yake yuko wapi?" Nikamjibu alifariki akiwa na miaka thelathini na moja, kazini kwenye kiwanda cha pamba, jua la Julai lilimuua. Kisha akauliza kama baba yako naye alikuwa mrefu hivyo, mwenye vidole kama vyako. Nikasema, ndiyo, ndivyo walivyo wanaume wa ukoo wa Gaines, wote ngazi za kuchumia mapera. Hakucheka. Aliniomba anwani nikampa, nikidhani ni upweke tu.

Sasa niseme langu. Mbona ulikuwa unakunja macho ukitupa mpira? Unatazama kikapu kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Na ile picha yako ya gazetini, umetanda ukutani bila shati, nimeibandika jikoni. Dada Pearlie wa kanisani kaiona akasema, "Odessa, huyu ni mumeo Lonzo kafufuka." Kweli, hata kile kibonyeo cha kifuani unacho. Nimefurahi, lakini sijui kwa nini nimeiondoa pale jikoni.

Kula mboga.

Mama yako,
Odessa Gaines

---

Bedford, Indiana
2 Machi 1988

Bi Odessa,

Utanisamehe kwa kukuandikia jambo zito na hatujajuana vizuri. Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaichana.

Teddy wangu ni wa sita kwenye ule ukuta. Alichaguliwa, akacheza misimu miwili, akaanguka mazoezini asubuhi moja na hakuamka. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Jana yake alinipigia simu akilalamika kwamba godoro la hoteli ni fupi, basi, hakuwa na neno jingine. Daktari alimpasua ili kujua sababu. Akaniambia mshipa mkubwa unaotoka moyoni ulichanika kama nguo iliyochakaa. Akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, mzazi humpa mtoto. Huwarefusha watu mikono na vidole, huwabonyeza kifua, wengine huwaharibu macho. Na wenyewe hujiona wazima, wanakimbia na kuruka, mpaka siku hiyo.

Orrin Pickard, wa tatu ukutani, alifia uwanjani Italia. Watu walisema ni uchovu wa safari.

Nilimweleza Kocha. Alinikumbatia, akalia pamoja nami, akasema kila msiba una njia yake. Akina mama wengine niliowagusia walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa kwa majonzi. Lakini hebu fikiria, Bi Odessa. Miaka yote hii anakwenda vijijini na tepu kutafuta vijana wenye mikono mirefu kupita kiasi. Anawapata, na sijui anapata nini kingine pamoja nao.

Watu hudhani naenda Siku ya Akina Mama kwa ajili ya kumbukumbu. Naenda kutazama mikono.

Mwambie mwanao akishike kifundo cha mkono wake kwa kidole gumba na kidole cha mwisho. Vya Teddy vilipishana, tena sana. Si dalili ya hakika, lakini vikipishana, mpeleke kwa daktari wa moyo, na usikubali daktari wa timu.

Wako,
Verna Loomis

---

Marlow Bend
8 Machi 1988

Rozell,

Soma barua ya Bi Loomis niliyoiweka humu ndani. Soma yote, usirukeruke. Nimekuandikia kwa sababu simu yenu iko koridoni na kila mtu anasikiliza.

Mwanangu, tangu nimeisoma sijala chakula kikapita vizuri. Jikoni shuleni ninakopika nimeunguza mkate wa mahindi wa watoto wote, mimi, ambaye sijawahi kuunguza hata kiberiti. Nilikuwa namwona Lonzo. Walimleta wamembeba juu ya mlango, kwa kuwa hakuna machela iliyomtosha. Wakasema jua. Nikakubali, maana kweli siku hiyo jua lilikuwa kali. Lakini Rozell, kwenye kiwanda walikuwepo wanaume wengi, tena wazee, na jua lilimwona yeye peke yake?

Jaribu hivyo vidole. Halafu nenda kwa daktari wa moyo. Sikuombi, nakuamuru. Mimi bado ni mama yako hata ukifika dari.

Mama

---

Chuo cha Wexley
15 Machi 1988

Mama,

Hujambo. Sasa nisikilize bila kupandisha presha.

Nimejaribu vidole. Nimewajaribisha na wenzangu mezani wakati wa chakula, tukaufanya mchezo. Vyangu vimepishana, ndiyo. Vya Dwayne Tibbs vimepishana, vya Kessler pia. Sasa unataka kuniambia nusu ya meza ni maiti? Tumecheka mpaka mpishi akaja kuuliza kuna nini. Sisi ni warefu, Mama, vidole vyetu ni virefu. Kocha angechukua wafupi kungekuwa na timu ya kuokota viazi.

Daktari wa timu amenisikiliza kifua baada ya mazoezi. Kasema moyo unagonga kama nyundo ya fundi. Macho nimepata miwani. Kwa hiyo hayo yameisha.

Namwonea huruma Bi Loomis, Mungu ampe faraja. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka hata kamba humtisha. Wiki hii tunaingia mashindano ya taifa. Watafutaji wa vipaji wa timu za kulipwa watakaa mstari wa mbele na kalamu zao. Wakisikia neno "moyo", hata kama ni uvumi, watafunga madaftari na kwenda kumtazama mwingine. Tafadhali usimpigie Kocha. Usimwambie mtu kanisani, hasa Dada Pearlie, maana huyo ni redio.

Nimekesha miaka mitatu kwa ajili ya hili. Usinizike kabla sijafa.

Rozell

---

Marlow Bend
28 Machi 1988

Rozell,

Mbona kimya? Nimepiga simu, kijana mmoja akapokea akasema umetoka. Nimepiga tena, mwingine akasema umelala. Waambie wenzako wapatane kwanza kabla ya kunidanganya.

Nilikwenda kutazama mechi kwa akina Pearlie. Kipindi cha pili uliruka kuuchukua mpira ubaoni, ukashuka, ukasimama. Wenzako wote wakakimbia upande wa pili, wewe umesimama pale umeweka mkono kifuani, katikati, pale pale kwenye kibonyeo. Mtangazaji akasema umebanwa na misuli. Sebule nzima ikasema, "Maskini, misuli." Mimi nilijikuta nimesimama juu ya zulia la watu, nimeshika televisheni kwa mikono miwili kama vile ningeweza kukutoa mle ndani.

Kisha ukarudi kucheza. Baba, ulirudi ukacheza!

Sikugombezi. Nimeishiwa na ukali. Ninaogopa tu. Niandikie hata mstari mmoja uniambie kulikuwa na nini pale kifuani.

Mama

---

Chuo cha Wexley
20 Aprili 1988

Mama,

Nisamehe kwa kimya changu. Kaa kwanza ndipo usome.

Haikuwa misuli. Ilikuwa kama mtu amenichanja kwa ndani, kutoka kifuani hadi mgongoni, kisha ikapoa. Nilimaliza mechi nikiwa sisikii kelele za watu. Niliporudi chumbani niliogopa hata kulala chali.

Nimekwenda Indianapolis kwa daktari wa moyo, peke yangu, kwa jina la kati, nikijiambia nakwenda ili unyamaze. Wamenipaka kitu cha baridi kifuani, wakaupiga moyo picha. Yule mama aliyekuwa anapiga picha alikuwa mchangamfu, ananitania kuhusu urefu, anauliza kama huko juu kuna mvua. Ghafla akaacha kutania. Akatoka akamwita daktari, daktari akamwita mwingine. Hapo ndipo nilipojua, kabla hawajasema neno.

Ni ule ule wa Bi Loomis. Mshipa umetanuka karibu mara mbili ya unavyotakiwa. Wamenipa vidonge, na wanasema huko mbele watapasua na kuutia viraka. Nikauliza, na mpira? Daktari akasema, "Mpira uliucheza mara ya mwisho mwezi uliopita." Nikacheka, nikidhani ni utani.

Hakuna anayejua hapa. Mama, nisikilize, usipige kelele. Madaktari wa timu za kulipwa wanapima magoti na migongo. Wanakukunja na kukukunjua kama kiti, basi. Hawapigi moyo picha. Nikikaa kimya hadi Juni, nitachaguliwa, nitatia saini. Nicheze mwaka mmoja tu, taratibu, nisiruke sana. Mwaka mmoja halafu naacha, na wewe huingii tena kwenye lile jiko. Huenda mshipa ukavumilia. Baba aliishi nao hadi thelathini na moja, na alikuwa anabeba marobota.

Siwezi kuwa si mchezaji, Mama. Sijui nitamwita nani huyo mtu mwingine.

Naogopa vyote viwili, na sijui naogopa kipi zaidi.

Rozell

---

Marlow Bend
26 Aprili 1988

Mwanangu,

Nimekaa kama ulivyosema.

Unasema utacheza taratibu. Ngoja nikuambie asubuhi ya baba yako, maana naona umempa muda ambao yeye mwenyewe hakupewa. Aliamka anaimba. Alilalamika kahawa haina sukari. Alikurusha juu ukagusa dari, ukacheka ukamtapikia maziwa shingoni, akabadilisha shati. Akatoka. Hakuna kilichomwonya. Na siku hiyo hakuwa amebeba kitu kizito, alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Hayo nimeambiwa na aliyekuwa kando yake. Sasa wewe utaruka taratibu vipi, na mwenzako alikufa akifunga kiatu?

Usiniweke mimi na jiko langu kwenye mizani yako. Lile jiko nalijua, lina moto na lina mlango. Kile ambacho sikijui ni kuamka kila siku ya mechi nikingojea simu. Siwezi, Rozell. Nasema mapema ujue: ukienda, sitatazama hata mchezo mmoja, na redio nitaitupa.

Hujui utamwita nani huyo mtu mwingine? Mlete kwangu. Nilimpa jina kabla hajajua mpira ni nini.

Ninaogopa, baba.

Mama

---

Chuo cha Wexley
9 Mei 1988

Mama,

Nimemwambia Kocha.

Nilimkuta korido ya Ukuta, anaosha mahali pangu kwa sabuni ili rangi ishike. Nikamweleza yote. Aliendelea kusugua kwa sponji. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema, "Mama yangu na daktari."

"Basi iwe hivyo hivyo hadi Juni."

Halafu akaiacha ile sponji ikaanguka ndani ya ndoo. Akasema, "Hapana. Hapana, Rozell. Nisamehe, kijana wangu. Sijui nani amesema maneno hayo." Akakaa chini sakafuni, yule mzee mwenye magoti mabovu. Akasema Verna alimwambia, na alisikia, lakini kila alipoichukua tepu alijiambia ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Nimemwona Kocha amekasirika, nimemwona analia kwa ushindi. Sikuwahi kumwona anaogopa.

Nikamwambia awapeleke Dwayne na Kessler kupigwa picha. Akakubali, wamekwenda leo. Dwayne aliingia kwenye gari bila kuniaga.

Ndipo nikauliza, "Na wale walio hai?" Ukutani wamebaki saba. Watano wameshaacha mpira, amesema atawapigia wiki hii. Mwingine ameumia, yuko kitandani. Lakini aliyebaki ni Averill Stokes, na timu yake imo kwenye mechi za kuwania ubingwa. Anacheza kila baada ya siku mbili. Kocha akasema, "Huyo ni mzima kama farasi. Nikimwambia sasa nitamvunja moyo. Ngoja msimu uishe."

Nikauliza unaisha lini. Akasema mwezi ujao.

Nimepiga simu ofisi ya timu yao. Nimesema mimi ni mchezaji wa Wexley, nina habari ya afya ya Stokes. Mtu wa simu akauliza nimekunywa nini, akakata. Nimepiga tena, akaniambia nikipiga mara ya tatu ataita polisi.

Bi Loomis ana anwani ya mama yake Stokes. Nakuja nyumbani Ijumaa. Kwanza nimalize hili.

Rozell

---

Chuo cha Wexley
10 Mei 1988

Kaka Averill,

Hunijui. Naitwa Rozell Gaines, nimevaa jezi ya Wexley miaka mitatu na nimepita mbele ya viganja vyako kila siku nikienda mazoezini. Barua hii imeletwa na Bi Verna Loomis kwa gari lake hadi kwa mama yako, na mama yako ameahidi kukupa mkononi. Anayekuandikia si mlevi, wala si shabiki wa timu mtakayokutana nayo.

Teddy Loomis ulilala naye chumba kimoja. Uliambiwa alikufa kwa moyo. Ulikuwa mshipa, na ni ugonjwa wa kuzaliwa nao unaowarefusha watu mikono. Mimi ninao. Nimeona picha ya mshipa wangu, umevimba kama puto la mtoto. Sikuumwa hata siku moja isipokuwa mara moja tu, uwanjani, na nilimaliza mechi. Sisemi na wewe unao. Sijui. Ninachojua ni kwamba alichokipenda Kocha kwako ndicho alichokipenda kwangu na kwa Teddy na kwa Orrin Pickard, na alikipima kwa tepu ile ile.

Mama yako amemwambia Bi Loomis kwamba vidole vyako vinapishana kifundoni, na kwamba mwezi uliopita ulilalamika mgongo.

Jana nilikutazama kwenye televisheni. Kila uliporuka nilifumba macho, nikangoja mpaka nisikie watu wanashangilia ndipo nikayafumbua. Sitaweza tena kesho.

Watakuambia umalize kwanza mechi hizi. Hata mimi nilijiambia hivyo, tena kwa maneno matamu zaidi ya yao. Mwombe daktari akupige moyo picha. Hakuna sindano, hakuna maumivu, ni dakika chache tu za baridi kifuani. Ikiwa hunao ugonjwa huu, nitukane mbele ya magazeti yote, nitafurahi mimi na mama yangu.

Lakini ukiisoma hii na mechi bado haijaanza, nakusihi kaka, usiingie uwanjani.

Rozell Gaines